Ukweli Kuhusu Injini ya Babu Yako

Akeyo mwanangu,

Kuhusu shuka, dawa ya malaria na nani wa kumpigia simu ukifika, nyanya yako ameshasema yote, tena mara tatu, nami sina la kuongeza. Umeenda kusukwa, na kwa jinsi msusi wako anavyopenda kusimulia, hutarudi kabla ya saa moja. Nimeketi meza ya jikoni. Madaftari ya Kidato cha Tatu nimeyasukuma kando. Nina jambo moja la kukuambia kabla hujapanda basi la Thika kesho asubuhi, na nimelizunguka miaka miwili kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi.

Si wewe uliyeua injini ya babu yako. Ni mimi.

Haya, nimeliandika. Paa bado liko juu. Jirani bado anatwanga karanga. Ninajisikia kama mtu aliyevua viatu vilivyombana tangu asubuhi. Sasa acha nikueleze vizuri, kwa sababu wewe unajua nusu tu ya hadithi, na nusu hiyo ndiyo iliyokuumiza.

Nianze na ile pikapu yenyewe. Babu yako aliinunua ikiwa tayari imezeeka. Alibebea vitunguu, mbuzi, mabati, viti vya matanga, na mara moja bendi nzima ya kanisa pamoja na ngoma zao. Lakini kwangu mimi ile pikapu ni asubuhi moja tu. Ulikuwa na miezi minne. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, na Katito nzima ilijua kwa nini nilikuwa nimeacha shule. Babu yako alinivalisha sare tena, akaniketisha mbele, akapita katikati ya soko siku ya soko, polepole kama mtu anayepeleka mayai. Niliinamisha kichwa.

"Baba, enda haraka."

"Injini imezeeka, nyathina, mwanangu. Haiwezi."

Ilikuwa inaweza. Alitaka watu wanione narudi shule, na alitaka nijue kwamba haoni haya. Nilielewa hilo miaka mingi baadaye, nikiwa chuo kikuu, katikati ya mtihani wa kemia, na ikabidi niombe ruhusa nitoke nje.

Ndiyo maana alipofariki na mjomba wako Omollo akasema ile gari iuzwe chuma chakavu, nilikataa kwa ukali uliomshangaza kila mtu. Ilikuwa imekaa nyuma ya jikoni ya nyanya yako miaka mitatu, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Nikatangaza, mbele ya wajomba wote, kwamba siku ya ukumbusho wa Baba nitaingia pale bomani nikiiendesha mimi mwenyewe. Omollo akacheka, "Utaiendesha ama utaisukuma?" Kicheko kile kilinikaa rohoni. Nakuambia haya ujue kwamba tangu mwanzo sikuwa natengeneza gari. Nilikuwa najibu kicheko.

Unaikumbuka karakana ya Fundi Okelo kule Manyatta. Ulikuwa na miaka kumi na mitano na ulifurahi pale kuliko mahali popote nilipowahi kukuona. Uliosha bolti kwa mafuta ya taa, ukazipanga juu ya kadibodi kwa mpangilio zilivyotoka, na Okelo akaniambia, "Mwalimu, huyu mtoto usimpeleke sheria. Ako na mkono." Aliifungua injini yote, akatoa krenki, ule mhimili mzito ambao pistoni zote huuzungusha, akaufuta kwa kitambaa na kuupitisha kucha juu yake taratibu, kama anayetafuta uvimbe kwenye mguu wa mgonjwa. Akasema krenki bado ni nzuri, haihitaji kusagwa. Kinachohitajika ni ringi za pistoni, gasketi za kuzuia mafuta yasivuje, na beringi mpya.

Sasa sikiliza habari ya beringi, kwa sababu ndizo zilizotufikisha hapa. Unazijua: vile vibati vilivyopinda kama kipande cha bangili, vinavyokaa kati ya krenki na mikono ya pistoni ili chuma kisisage chuma. Krenki ikiwahi kukwaruzwa huko nyuma, hupelekwa mashineni ikasagwa ilainike, na ikisagwa hupungua unene. Kwa hiyo beringi zinazofuata lazima ziwe nene zaidi kidogo, zijaze pengo. Pengo lenyewe ni dogo kuliko unene wa ukucha, lakini injini huliona. Babu yako aliwahi kusagisha krenki, zamani, pengo hilo likawepo, na hakumwambia mtu. Nani angeuliza? Kitabu cha gari hakikuandika. Namba iliyogongwa kwenye injini haikubadilika. Aliyejua alikuwa marehemu, na kingine kilichojua ni zile beringi kuukuu, maana mgongoni mwake kulikuwa na alama ya unene.

Ndiyo maana mafundi wa huku wana desturi ambayo mimi niliiona ya kishamba: hakuna kwenda dukani mikono mitupu. Unabeba chuma chenyewe. Okelo alizitia zile beringi kuukuu kwenye paketi tupu ya unga wa ugali, akaikunja mdomo, akanipa.

"Enda na hii kwa Dinesh. Usimwambie kitu. Mwekee tu kwa kaunta, atajua."

Sikuenda nayo. Niliiacha kwenye droo yangu ofisini kwa walimu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Siku ile nilikuwa nimetoka kwenye mkutano wa shule nikiwa na ile suti ya rangi ya krimu, na paketi ilikuwa inavuja mafuta. Lakini suti ni kisingizio. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesoma. Siku tatu usiku nilikuwa nimesoma kwenye simu kuhusu ile injini, nikaandika kwenye karatasi safi namba yake, toleo lake, na namba ya kila kipuri. Niliona haya kuwa mwanamke anayetumwa dukani na paketi ya unga. Nilitaka Dinesh aone karatasi yangu. Mimi, ambaye kila muhula nawaambia wanafunzi kwenye maabara: andikeni mlichokiona, msiandike mlichokitarajia.

Bwana Dinesh unamjua, yule wa duka la vipuri anayezungumza Kijaluo vizuri kuliko wewe. Kaunta ilikuwa imejaa mafundi.

"Nyar Katito! Binti ya Katito, karibu. Chuma iko wapi?"

"Nina namba."

Akaichukua karatasi, akavaa miwani, akaisoma juu mpaka chini, akaigeuza na nyuma. "Mwandiko mzuri sana. Hii naweza kuweka kwa fremu." Mafundi wakacheka. "Lakini Mwalimu, karatasi haijui gari imepitia nini. Krenki ni standadi ama imesagwa?"

"Standadi."

"Nani amepima?"

"Fundi."

Uongo wa kwanza. Ulitoka laini, kama mate. Standadi maana yake ni krenki ambayo haijawahi kusagwa tangu itoke kiwandani, na mimi sikujua kama imesagwa au la. Namba zangu zilisema injini ile huzaliwa na beringi za standadi, basi nikazichukua. Nikachagua zilizo bora kuliko zote dukani pale. Hilo hunichekesha sasa, kidogo. Watu hudhani injini huuawa na vipuri bandia. Mimi sikununua bandia. Nilinunua beringi safi, imara, za kuaminika, za injini ambayo yetu ilikuwa imeacha kuwa.

Okelo alipoona boksi aliuliza, "Dinesh ameangalia sampuli?" Nikasema ameangalia. Wa pili huo. Akafunga. Ulikuwepo, ulimshikia taa. Alipokaza mkono wa kwanza wa pistoni akautikisa, akanitazama.

"Mwalimu, hii inacheza."

"Ni mpya. Zitakaa."

Akautikisa tena. Nilimwona akisita, na nilijua kwa nini anasita, na niliacha cheo changu kimsukume. "Sawa," akasema. "Wewe ndio umesoma." Kisha akaomba siku mbili aiache ingurume pale pale hadi ipate moto vizuri, asikilize. Nikamwambia ukumbusho ni kesho.

Unaikumbuka asubuhi ile. Nilikupa kazi ya kuangalia taa nyekundu ya mafuta ya injini, kwa sababu Okelo alisisitiza mtu aiangalie. Injini ilikuwa baridi, mafuta bado mazito yakiziba lile pengo, ikaimba vizuri hadi tukapita njia panda ya Ahero. Nilikuwa nikimwona Omollo akilini mwangu, jinsi mdomo wake utakavyobaki wazi. Ndipo uliposema:

"Mama, taa imewaka."

"Taa gani?"

"Ile nyekundu. Imezima tena."

"Ni waya hiyo. Fundi alisema imelegea."

Fundi hakuwa amesema neno lolote kuhusu waya. Ulinyamaza, kwa sababu mama yako, mwalimu, alikuwa amesema ni waya. Baada ya hapo nilianza kuisikia mimi mwenyewe, tok, tok, tok, kutoka chini, na nikaongeza mwendo ili nisiisikie. Hilo ndilo nililofanya, Akeyo. Sijawahi kumwambia mtu. Niliisikia ikigonga nikaongeza mwendo.

Yaliyofuata unayajua: ule mshindo katikati ya mashamba ya mpunga, moshi, yangeyange wote wakiruka kwa pamoja, na mafuta yakichuruzika barabarani nyuma yetu. Mkono wa pistoni ulikuwa umetoboa ubavu wa injini. Na yule dereva wa trekta la miwa aliyetufunga kamba, akapanda kiti chake akipiga mluzi: "Madam, gari yako inapenda kubebwa kama bibi harusi!" Tukaingia bomani kwa nyanya yako hivyo, nyuma ya tela la miwa, watu wote wa ukumbusho wamesimama, na watoto wakikimbia pembeni wakichomoa miwa.

Omollo hakucheka. Afadhali angecheka. Alizunguka gari, akainama, akaona lile tundu, akauliza:

"Nani alikuwa anaangalia taa ya mafuta?"

Ukajibu, "Mimi."

Neno moja. Ulijibu ulichoulizwa, kwa ukweli, kama nilivyokulea. Wajomba wakatikisa vichwa. Mmoja akasema watoto wa siku hizi macho yao yako kwa simu. Simu yako ilikuwa kwenye mkoba wangu tangu Kisumu. Niliijua nafasi yangu ya kusema. Nakumbuka hata pumzi niliyovuta. Kisha nikasema, "Twendeni tusalimie watu," nikakushika bega, na watu wakadhani ninakusamehe.

Nimeishi na kile kitendo cha kukushika bega zaidi kuliko nilivyoishi na ile injini.

Hukurudi tena kwa Okelo. Nilipokuuliza ulisema una kazi ya shule. Nami nikakubali jibu lile, kwa sababu lilinifaa. Nikajiambia wewe ni mtoto, utasahau. Mtu anayejichunguza sana kama mimi ana hatari hii moja: anaweza kukaa na kosa lake miaka, akaligeuza, akalitazama kila upande, akalia kwa ajili yake usiku, na akadhani kwamba amelitengeneza. Hajalitengeneza. Amelishika tu.

Kisha zikaja fomu za chuo. Uliniachia mezani nitie sahihi ya mzazi. Nilifurahi nilipoona umeomba ufundi wa magari. Nikasema, kumbe amesahau kweli. Nikageuza ukurasa. Pale wanapouliza kwa nini umechagua kozi hii, wengine huandika kuhusu taifa na ajira. Wewe uliandika mistari miwili kwa Kiingereza chako kisafi, na tafsiri yake ni hii: "Niliacha injini ya babu yangu ife. Niliona taa, nikasema mara moja tu."

Mara moja tu.

Nilitia sahihi. Nilikaa pale hadi ugali ukaungua, unakumbuka ulivyonicheka. Miaka miwili ulikuwa ukipima sauti yako, ukijiuliza kama ungesema mara mbili, kama ungesema kwa nguvu. Na sasa unataka kutoa miaka mitatu ya ujana wako kulipia jambo ambalo si lako.

Kesho yake nilikwenda Manyatta kabla ya vipindi. Okelo alikuwa chini ya lori, miguu yake tu inaonekana.

"Fundi, nimekuja kuungama."

"Mimi si padri. Padri ako kule juu." Lakini akatoka, akakaa juu ya tairi. Nikamwambia yote, isipokuwa ule mwendo niliouongeza. Nikiwa katikati akaanza kucheka.

"Mwalimu, mimi nilijua! Siku ile tulifungua ile takataka, nikaona mgongo ya beringi. Standadi. Nikapima krenki. Imesagwa zamani. Nikasema, haya, huyu mama hakupeleka sampuli."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kosa pia ni yangu, nilisikia inacheza nikafunga. Nikasema akiwa tayari atakuja. Umechukua muda lakini!"

Nilitaka kucheka naye. Lakini nikamwambia lililobaki, kwamba siku ile bomani wewe ndiye uliyebeba lawama, na nikamsomea ulichoandika kwenye fomu. Kicheko kikaisha. Akaweka spana chini.

"Mtoto anajua?"

"Bado."

"Mwalimu." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Mimi na wewe tumecheza na chuma. Chuma tutanunua ingine. Enda uambie mtoto."

Sikuja kukuambia. Nilijipa sababu kwamba kwanza niitengeneze injini, ndipo nizungumze, kana kwamba nahitaji kuja kwako na zawadi mkononi. Lakini nitakusimulia jinsi tulivyoitengeneza mara ya pili, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo nimeifurahia, na ningependa uione.

Tulipata bloku, yaani mwili wa injini, iliyotumika, kutoka gari lililogongwa mbele injini ikabaki salama. Krenki ilikuwa imekwaruzwa na ule mshindo, ikaenda kusagwa tena, ikarudi ikiwa nyembamba zaidi na inang'aa kama kijiko cha wageni. Safari hii sikusoma usiku. Nilikaa kwenye tairi nikauliza maswali ya kijinga. Okelo akanieleza kipi kinaweza kununuliwa kikiwa kimetumika na kipi hakiwezi: bloku ndiyo, kifuniko cha mbele ndiyo, hata krenki ndiyo ukiipima, lakini kitu chochote kinachosuguliwa, kinachobanwa au kinachozuia mafuta yasivuje, nunua kipya, na ununue kwa kipimo cha kile kitakachokutana nacho. Nilimuuliza kuhusu pampu ya mafuta, maana ya zamani ilikuwa bado inazunguka. Akanipa niishike. "Inazunguka, ndiyo. Hata mimi nazunguka, lakini usinipe gunia." Tukanunua mpya. Ringi alikataa kuzinunua kabla ya kupima mitungi ambamo pistoni hupanda na kushuka, akasema ringi mpya kwenye mtungi uliokwisha ni kama meno mapya kwenye fizi mbovu. Nilicheka nikaandika kwenye daftari, akaniambia niache kuandika, nishike.

Ndipo nikaenda kwa Dinesh. Nilipanda boda boda na krenki yenyewe, nzima, nimeifunga kwa leso, imelala mapajani kwangu kama mtoto anayepelekwa kliniki. Mafuta yalipenya hadi kwenye sketi. Aliponiona mlangoni alisimama.

"Leo Mwalimu amekuja na chuma! Mleteeni chai!" Akaipokea kwa mikono miwili, akaipima sehemu moja baada ya nyingine, akawaita wenzake waje waone. Kisha akaingia nyuma ya duka, akatoka na boksi tatu, akazirudisha mbili. Aliponipa ile moja aligeuza beringi, akanionyesha mgongo wake kabla hajaniambia bei. "Soma wewe mwenyewe. Usiniamini." Nikasoma. Ilikuwa nene kama ilivyotakiwa.

Okelo alipoifunga, akautikisa mkono wa pistoni. Haukucheza. Akaniambia nami niutikise. Mwanangu, niliutikisa nikasikia ile hali ya kitu kilichokaa mahali pake, kinachozunguka bila kulegea, na machozi yalinitoka mbele ya wale vijana wa karakana. Okelo akawaambia ni moshi.

Akaiacha ingurume siku mbili. Nilimwacha.

Ulipoiona ikiingia langoni wiki ile ulitoka nje, ukaitazama, ukaweka kiganja juu ya boneti, ukarudi ndani. Nilijua ulikuwa unasikiliza. Nikajua pia kwamba zawadi yangu haikuwa imefika popote, kwa kuwa ulichokuwa unasikiliza ni kosa lako lililorekebishwa na mtu mwingine. Ndipo nikaelewa kwamba siwezi kukutengenezea hili kwa chuma.

Kwa hiyo, hili hapa, bila paketi. Uliona taa. Ulisema. Uliambiwa uongo na mtu uliyemwamini kuliko wote, na ukamwamini, kama mtoto anavyopaswa kumwamini mama yake. Nimemuuliza Okelo kama tungesimama pale Ahero ingekuwaje, kwa sababu sitaki kukupa faraja ya uongo juu ya uongo mwingine. Alisema labda bloku ingepona, lakini beringi zilikuwa zimekufa tangu siku zilipofungwa. Na kusimama kulikuwa kazi yangu, maana usukani ulikuwa mikononi mwangu. Wewe ulisema mara moja. Mara moja ilitosha.

Jana nilimpigia Omollo nikamweleza. Akasema, "Na mimi ndio nilimuuliza mtoto mbele ya watu." Anataka kuzungumza na wewe. Nimemwambia asubiri zamu yake, ya kwanza ni yangu. Nyanya yako nilimwambia wiki iliyopita. Alinipiga na mwiko begani, kweli, nikiwa na miaka thelathini na mitano, kisha akanipakulia samaki.

Sasa kuhusu kesho. Nakuomba ulifikirie jambo hili bila kunihurumia. Ukigundua kwamba ulichagua ufundi ili kulipa, huna deni. Nitaongea na chuo, nitabeba aibu ya kubadilisha, na utachagua upya hata ikichukua mwaka. Sitasema neno kuhusu karo. Lakini ukitafuta ndani yako ukamkuta yule msichana aliyekuwa akipanga bolti kwenye kadibodi bila kuitwa, aliyenuka mafuta ya taa akitabasamu, basi panda basi kwa ajili yake. Nilimwona. Alikuwepo kabla ya taa ile kuwaka. Nisingependa kosa langu limfukuze, wala nisingependa limsukume.

Huenda utanikasirikia. Nimejaribu kujiandaa kwa hilo nikagundua siogopi kama nilivyodhani. Miaka miwili niliogopa uso wako ukijua. Ninapoandika sasa ninautamani, hata ukiwa umekunjamana, kwa sababu utakuwa unanitazama mimi, si yule mama niliyekuwa nikikuonyesha.

Nilipanga kuificha barua hii katikati ya nguo zako uikute Thika, ukiwa mbali, na mimi niwe salama huku na daftari zangu. Wazazi wengi huandika barua hivyo, na nimeelewa kwa nini. Nimebadilisha nia. Nitakupa mkononi leo, ukiingia, kabla ya chakula, nami nitakaa kiti cha pili hapa mezani wakati unasoma. Sitaosha vyombo. Sitashika simu. Ukitaka kupiga kelele, nitakuwepo wa kupigiwa. Ukitaka kuuliza, uliza mara mbili, mara kumi. Kila mara nitajibu. Na ukimaliza, ukitaka kunyamaza tu, tutanyamaza wote wawili, kisha tutakula, maana kuna samaki, ngege wa kukaanga, na sijaunguza kitu.

Mama yako